Sehemu ya chakula katika matumizi ya kaya: jinsi nchi za Ulaya zinavyolinganishwa

Anayesikia kwamba kaya ya Denmark hulipa euro nyingi zaidi kwa chakula kuliko kaya ya Romania anaweza kudhani kwamba Mdenmark ndiye anayebanwa na maisha. Ukweli ni kinyume chake, na ndiyo sababu watakwimu hutazama sehemu ya chakula katika matumizi ya kaya, yaani katika kila euro 100 zilizotumika, ni ngapi zimekwenda kwenye mkate, nyama, maziwa, mboga na vinywaji visivyo na kilevi. Kwa takwimu za mwaka 2021 za Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, sehemu hiyo ilikuwa takriban asilimia 14 katika Umoja wa Ulaya mzima. Romania ilikaribia 25, ilhali Ireland ilikuwa kama 8 tu.

Msingi wa kipimo hiki uliwekwa mwaka 1857 na mtakwimu Mjerumani Ernst Engel, ambaye, alipochambua bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, aliona kwamba kadiri familia ilivyo maskini ndivyo chakula kinavyomeza sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake. Tumbo lina kikomo, kwa hiyo kipato kikipanda, ziada huelekea kwenye nyumba, usafiri na starehe.

Kipimo hiki kina faida ya kutohitaji kubadili leu, sarafu ya Romania, kuwa euro. Anayetaka kulinganisha kiasi cha bidhaa chenyewe hana budi kurekebisha tofauti za bei kwa uwiano wa uwezo wa kununua, unaopatikana kwa kupima bei za kapu moja la bidhaa katika kila nchi.

Hata hivyo, asilimia 8 ya Ireland isomwe kwa uangalifu. Mlo wa mgahawani hauhesabiwi kama chakula, bali huingia kwenye fungu la hoteli na migahawa, ambalo kwa kawaida ni kubwa Ireland na Hispania na dogo Romania. Luxembourg ina kasoro nyingine, nami naiona kuwa kubwa zaidi: hesabu za taifa hujumuisha kila kinachonunuliwa ndani ya mipaka, hata na wageni, na kwa kuwa kodi ni nafuu huko, Wajerumani, Wabelgiji na Wafaransa huvuka mpaka kujaza mafuta na kununua sigara, ambazo hatimaye huonekana kana kwamba zimevutwa na wenyeji, na hivyo sehemu ya chakula huonekana ndogo kuliko ilivyo.