Mhariri aliyehamia Kivukoni

Kila muhula nawapa wanafunzi wangu wa uandishi wa kidiplomasia hapa Dar zoezi lile lile. Askari wa nchi A wamevuka mpaka na kuchoma vijiji vya nchi B. Andika sentensi moja. Nusu ya darasa huniletea "mapigano yamezuka mpakani." Nachora mstari wa wino mwekundu, nawauliza: yamezuka yenyewe, kama uyoga?

Hapo ndipo huwa namtaja mzee Benjamin Mkapa. Wengi tunamkumbuka kwa urais wa 1995 hadi 2005: ubinafsishaji, "ukweli na uwazi", na lile neno la mtaani, ukapa, maana yake mfuko umekauka. Miaka ya kabla ya Ikulu haisemwi sana, na kwangu mimi ndiyo yenye utamu.

Mtoto huyu wa Masasi alimaliza shahada ya Kiingereza Makerere mwaka 1962, akaingia utumishi wa serikali, kisha Mambo ya Nje. Mwaka 1966 akapewa magazeti ya TANU: The Nationalist la Kiingereza na Uhuru la Kiswahili. Kwa hiyo hakupanda ngazi za ripota wa kukimbizana na magari ya polisi. Alikuja na faili za serikali kichwani, na hilo lilionekana.

Kusimamia magazeti mawili ya lugha mbili si mchezo. Nimewahi kukaa kwenye dawati la usanifu, najua. Habari ni moja, lakini kwa Kiswahili lazima uchague: uchokozi au uvamizi? Mchokozi anaweza kuwa mtoto wa jirani anayerusha mawe juu ya bati lako. Mvamizi yuko ndani, ameshika panga. Muda wa kufunga ukurasa umefika, mtambo unasubiri, na neno ni moja tu.

Na neno linaweza kumfukuzisha mtu kazi. Gazeti la Kiingereza The Standard lilipotaifishwa Februari 1970, mhariri alikuwa Frene Ginwala, mpigania uhuru wa Afrika Kusini ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge la kwao. Mwaka 1971 gazeti lake likatoa tahariri kali kumlaani Rais Nimeiry wa Sudan kwa kuwanyonga viongozi wa kikomunisti. Nimeiry alikuwa rafiki wa serikali yetu. Ginwala akaondolewa. Aprili 1972 The Standard na The Nationalist yakaunganishwa, likazaliwa Daily News, na kiti cha mhariri akakalia Mkapa. Sidhani kama alihitaji kuelezwa mpaka uko wapi. Tusimpambe: alikuwa mhariri wa dola, na uhuru wake ulikuwa na kamba.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. 1974 mwandishi wa habari wa Rais, 1976 mkurugenzi mwanzilishi wa SHIHATA, shirika la habari la taifa, mwaka huo huo balozi Nigeria, na Februari 1977 waziri wa Mambo ya Nje, wizara ikiwa pale Kivukoni.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Oktoba, majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Watu hukumbuka mizinga na hotuba ya Mwalimu. Mimi naikumbuka pia kama vita ya sentensi. OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa inahimiza usuluhishi na kusimamisha mapigano. Tanzania ikagoma: kwanza semeni nani kavamia. Ukikubali maneno "pande zote mbili", umeshakubali kwamba aliyechomewa nyumba na aliyewasha kiberiti wana kesi moja. OAU haikumlaani Amin, na Tanzania haikulegeza neno lake. Kichwani mwangu namwona mhariri akirudisha kopi: kiima kiko wapi hapa?

Jambo lingine ambalo vijana huwa hawaliamini: kuanzia 1977 hadi 1990 wizara ile iliongozwa na watu wawili tu, na wote walipitia uhariri. Mkapa hadi 1980, kisha Salim Ahmed Salim, aliyehariri gazeti Zanzibar kabla ya Mapinduzi, halafu 1984 Mkapa akarudi, akitokea ubalozi wa Canada na wa Marekani.

Cha kushangaza, alipokuwa Rais hakuelewana na waandishi wa nyumbani. Aliwaona wavivu wa kusoma, wala hakuficha. Wenye fani walikereka. Mimi nilisikia mhariri anayegombeza chumba cha habari ambacho si chake tena.

Uzeeni akageuzia kalamu upande wa pili. Mwaka 2008 alikuwa Nairobi pamoja na Kofi Annan na Graça Machel kusuluhisha Wakenya baada ya uchaguzi, na 2016 akakabidhiwa usuluhishi wa Burundi. Huko kazi ni kuandika "pande zote mbili" bila kutapika.

Juzi msichana mmoja darasani aliandika: "Jeshi la nchi A limeivamia nchi B na kuchoma vijiji." Nikampa alama zote. Kisha nikamwambia: haya, mwanangu, sasa umeteuliwa msuluhishi wa hao hao wawili, niandikie barua ya kuwaita mezani. Karatasi yake hadi kengele inalia ilikuwa na "Waheshimiwa" tu.