Asiyeaga Yumo Ndani

Bibi mmoja wa Michenzani, hapa Unguja, ghorofa ya tatu, alianguka usiku baada ya kuswali Isha, baina ya kitanda na mlango wa choo. Hakuvunjika mfupa. Mguu wa kushoto ulikataa kumbeba tu, akashindwa kuinuka. Simu ilikuwa juu ya kabati, na mlango alikuwa ameutia komeo kwa ndani. Siku ya pili alasiri, mtoto wa jirani alitumwa kuazima mbuzi ya nazi. Akapiga hodi, kimya. Alipokuwa anageuka kuondoka akasikia kitu kinagonga sakafu. Lilikuwa kopo la kuchotea maji. Akaitwa fundi avunje mlango.

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni kuwatembelea wazee majumbani. Nilipofika kwa bibi huyu alikuwa anazungumza, anamshukuru Mungu, anaomba maji. Majirani walikwishafurahi. Mimi nikaangalia mkojo wake, nikauona umekolea kama chai ya rangi, na hapo ndipo nilipoingia hofu.

Mtu akilala sakafuni bila ya kujigeuza, nyama ya paja na nyonga inabanwa na uzito wa mwili wake mwenyewe. Damu haipiti vizuri, na nyama inaanza kufa. Ikifa inamwaga vitu vyake kwenye damu: madini ya potasiamu, ambayo yakizidi huuvuruga mwendo wa moyo mpaka ukasimama, na protini ya misuli ambayo huziba vijia vya figo na kuupa mkojo rangi ile niliyoiona. Hapo bado hujahesabu kiu, vidonda vya kulalia, wala mapafu yanayoanza kujaa kwa kulala ubavu mmoja. Wataalamu wa wazee huanza kuihesabu hatari pale mtu anapopitisha dakika 60 chini. Bibi huyu alipitisha usiku mzima na mchana karibu wote. Alipona, lakini baada ya kulazwa na kusafishwa damu kwa mashine.

Kwa hiyo nikisikia mtu amekutwa amekufa ndani peke yake, swali langu huwa alikufa saa ngapi baada ya kuanguka. Wapo ambao moyo husimama mara moja, na hao hata mngekuwa kumi chumbani pengine msingewawahi. Lakini wapo waliokaa wanasubiri hodi.

Wajapani wana neno lao, kodokushi, kufa katika upweke. Polisi wao walihesabu watu 37,227 waliokuwa wakiishi peke yao na kukutwa wamekufa majumbani katika miezi sita ya mwanzo ya mwaka 2024. Karibu 4,000 kati yao walikutwa baada ya zaidi ya mwezi mmoja. Nikiwaeleza watu wa hapa hesabu hii, jibu ninalopewa ni moja: huko ni huko, sisi tuna majirani.

Ni kweli tunao. Wala hatuna uhaba wa wazikaji. Tanzia ikisomwa redioni asubuhi, adhuhuri msikiti umejaa. Ila nimewahi kusimama kwenye nyumba ya bwana mmoja aliyekaa siku tatu amekufa bila ya mtu kujua. Kwa joto letu, siku tatu ni nyingi. Waoshaji walishindwa kumuosha, ikabidi atayamamiwe, yaani apanguswe kwa vumbi safi badala ya maji. Mzee mmoja wa msikiti alikuwa amekaa kwenye kizingiti analia, anasema kuosha maiti ni faradhi kifaya, wajibu ulio juu ya jamii nzima, na huyu wameshindwa hata kumtimizia maji yake.

Nilikaa na majirani siku ile nikauliza taratibu, sio kwa kulaumu. Wenzake wa swala ya alfajiri walimkosa siku ya kwanza, wakadhani kaenda Pemba kwa dada yake. Muuza duka alidhani kaenda shamba kwa sababu ya msimu wa karafuu. Dada wa Pemba alipiga simu mara mbili, haikupokelewa, akadhani chaji imekwisha. Hakuna aliyempuuza. Kila mtu alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa na akili.

Hili ndilo linalotuponza sisi hasa. Wengi wetu tuna nyumba mbili: mjini na shamba, Unguja na Pemba, au huku na kwa mtoto Maskati. Mtu akikosekana, daima kuna pahala anapoweza kuwa amekwenda. Uhodari wetu wa kuwa na jamaa kila mahali ndio unaotufanya tusibishe hodi.

Na kwa wanawake ni zaidi. Mwanamme mzee asipoonekana safu ya alfajiri, angalau kuna anayeuliza. Bibi anaswali chumbani kwake. Magoti yakishaanza kukataa ngazi, hashuki tena barazani. Huko kwenye mitaa mipya ya Fuoni na Tunguu kuna ukuta na geti, na watoto wanaotuma pesa kutoka ng'ambo wanadhani geti ndilo ulinzi. Pensheni jamii iliyoanza Aprili 2016 kwa waliotimiza miaka 70 imewapa wazee wengi ninaowajua heshima ya kukataa kuhamia kwa watoto, na mimi nawaunga mkono. Nyumba za wazee zipo, Welezo na Limbani, lakini wengi ninaowahudumia wanataka kufa kwenye kitanda chao. Hiyo ni haki yao. Kinachobaki ni kuhakikisha hawafi sakafuni kwa saa ishirini.

Zamani mtu alikuwa haondoki bila ya kuaga. Ukienda shamba siku mbili unapita kwa jirani: naondoka, nitizamieni nyumba. Nawaomba watu ninaowatembelea wairejeshe desturi hii, na waihesabu kinyume chake pia: asiyeaga yumo ndani. Ukimkosa mtu anayeishi peke yake na hakuaga, usimtafutie jibu, kabishe hodi.

Mengine ni madogo. Komeo la ndani litolewe, iwekwe kufuli inayofunguka kwa nje, na ufunguo wa pili ukae kwa jirani. Simu isikae kabatini, ifungwe kwenye pindo la kanga hata kwenda chooni. Wengi wanaanguka njia ya choo usiku. Mtoto aliye mbali apigiwe bipu kila siku baada ya alfajiri, na awe na nambari ya jirani, maana bipu isiyofika haina faida kama anayeingoja yuko London na hajui wa kumpigia. Ukianguka na mguu haukubali, jigeuze ubavu kila baada ya muda, vuta chochote ujifunike, gonga kitu kigumu kuliko kupiga kelele, kwani sauti inakauka upesi. Na wewe unayemkuta mtu chini, usimwinue kwa kumvuta mikono, usimtie maji ya sukari mdomoni ikiwa amepoteza fahamu, na uulizie mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi. Hospitali watataka kujua hilo.

Bibi wa Michenzani amerudi kwake. Kila asubuhi anatundika kanga kwenye ukingo wa dirisha linaloelekea ngazi. Jumatano iliyopita nilifika saa mbili kasoro dakika chache, dirisha tupu, na yule mtoto wa jirani alikuwa tayari anapanda na ufunguo mkononi, yunifomu ya skuli mwilini. Bibi alikuwa kapitiwa na usingizi. Alimgombeza kwa kumuamsha, kisha akamwambia achukue maandazi mawili kwenye kawa.