Nyuklia na nchi zetu: nani kasema tumekatazwa?

Kila ikitajwa mipango ya nyuklia ya Kenya, au urani ya Namtumbo kule Ruvuma, haichukui muda utasikia "wakubwa hawataturuhusu". Hii ndo dhana inayoniuma zaidi, maana inatufanya tukate tamaa na kitu ambacho hakuna aliyekikataza. Mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, huu NPT ulioanza kazi 1970, ibara yake ya 4 inasema wazi kila nchi iliyojiunga ina haki ya kutumia nyuklia kwa amani. Kinshasa kinu cha utafiti kiliwashwa 1959, kabla hata ya uhuru. Afrika Kusini wana kituo cha Koeberg kinachotoa umeme tangu 1984, na Misri saa hizi wanajenga kituo cha El Dabaa na Warusi, vinu vinne vya megawati 1,200 kila kimoja.

Nyingine: "tukishachimba urani tumeshapata bomu". Hapana jamani. Kwenye urani ya ardhini, ile aina inayofaa (U-235) haifiki hata asilimia 1, ni 0.7 tu, kinu cha umeme kinataka kama 3 mpaka 5, bomu linataka karibu 90. Kazi ngumu ni kurutubisha, yaani kuongeza kiwango cha hiyo aina inayofaa, na hapo ndo ukaguzi unapobana, kwa sababu mashine zinazofikisha 5 ni zilezile zinaweza kuendelea mpaka 90. Ila hata kurutubisha hakujapigwa marufuku, Brazil wanarutubisha wenyewe pale Resende na wakaguzi wanaingia. Emirati wao waliamua kuachana nako kabisa kwenye makubaliano yao na Marekani ya 2009, wananunua mafuta ya kinu nje, na kituo chao cha Barakah kinawapa kama robo ya umeme wao. Kwa nchi zetu naona njia ya Emirati ina akili zaidi.

Halafu kuna wanaodhani wakaguzi wa IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, wanakuja kufunga miradi. Kazi yao kubwa ni mahesabu: nchi inaandika ina urani kiasi gani na iko wapi, wao wanakuja kupima, wanaweka kamera na lakiri, wakirudi wanaangalia kama kuna kilichopungua. Ghana walikuwa na kinu kidogo cha utafiti chenye mafuta yaliyorutubishwa kama 90, yakabadilishwa yakawekwa ya chini ya 20, yale ya zamani yakarudishwa China 2017. Kinu kilibaki Ghana.

Na nyuklia sio bomu na umeme tu! Unguja ng'ombe walikuwa wanaangamizwa na ugonjwa wa nagana kwa sababu ya mbung'o. Wakafuga mbung'o Tanga, madume wakapigwa mionzi ya gama wasiweze kuzalisha, wakawa wanamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa wiki baada ya wiki, na jike wa mbung'o kwa kawaida anapandwa mara moja tu, kwa hiyo akikutana na dume wa Tanga basi uzazi umeishia hapo. 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o, na hiyo kazi IAEA walikuwemo.

Kuhusu kwamba huu mkataba wa NPT unapendelea, hapo sibishi. Mataifa matano yaliachiwa silaha zao, na ibara ya 6 inayowataka wajadiliane kuziondoa wameipa kisogo. Afrika Kusini iliunda mabomu 6 ikayavunja yenyewe, na mkataba wetu wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ukaanza kazi Julai 2009 Burundi ilipouridhia ikawa nchi ya 28.

Vikwazo vyenyewe tunavyo huku nyumbani. Gridi ya Kenya kilele cha matumizi yake kimezidi kidogo tu megawati 2,300, sasa kinu kimoja cha 1,000 kikizimika ghafla nchi nzima inaweza kuwa giza, ndo maana wataalam wanashauri mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya gridi. Na watu wa Uyombo, Kilifi, walioandamana 2024 kupinga kinu kujengwa kwao walikuwa wanaitetea bahari yao na msitu wa Arabuko Sokoke, na majibu ya hayo wanaidai serikali yao wenyewe.