Pweza wa kwanza wa mke wangu

Nimevua pweza kwenye mwamba wa Likoni tangu utotoni, na miaka yote nilitoka nyumbani peke yangu. Jumamosi tulitoka wawili. Mke wangu ni mzaliwa wa bara. Pweza alimjua wa sufuriani tu.

Siku ya kutoka huchaguliwa na mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, tunapata bamvua: bahari ya Mombasa hupanda na kushuka karibu mita 4, na maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Hapo ndipo mwamba unatembeleka. Siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, usijisumbue.

Asiyezoea humtafuta pweza mwenyewe, na hamwoni ng'o, kwani hugeuza rangi na hata ngozi ikawa kama jiwe. Tafuta makapi yake. Pweza hula kaa na makombe tunduni mwake, kisha magamba huyatupa mlangoni. Yakiwa safi, hayajaota mwani, mwenyewe yumo. Yakishaota mwani, amehama.

Nilimweleza hayo mara moja tu, njiani. Nikapita tundu moja bila kugeuka, yeye akasimama.

"Hebu rudi uone hapa."

Gamba la kaa, bado lina nyama kwenye kiungo, na vijiwe vitatu vimekaa kama mafiga. Niliinama. Gizani jicho lilikuwa likitutazama, mboni imelala kama mstari.

Vile vijiwe vilinitia shaka. Jike anayelea mayai hujiziba kwa mawe, hali, hatoki, na mayai yakishaanguliwa hufa. Huyo haguswi, hata awe mkubwa kiasi gani. Ukimtoa umepoteza maelfu. Nikamulika tochi ndani: hakuna vishada vya mayai vilivyoning'inia juu. Nikamkabidhi mke wangu mkonjo, mti wa kuvulia pweza.

Mnyiri mmoja, mkono wa pweza, ukatoka, ukauzunguka ule mti. Kisha wa pili.

"Usivute," nikamwambia. "Mwache ajishike mwenyewe."

Ukimvuta kwa pupa hujibandika mwambani, utabaki na mnyiri mkononi. Mke wangu alitulia, maji yakimfika magotini, leso ameifunga kiunoni, mpaka pweza akatoka mzima mzima. Nilimchoma haraka katikati ya macho, kwenye ubongo, asiteseke. Kilo moja na robo. Wa chini ya nusu kilo mimi huwaacha, maana pweza hukua upesi mno.

(Mkitaka kujaribu, msiende ndani ya mbuga ya bahari ya Nyali na Bamburi. Ilitengwa 1986 na humo hakuvuliwi kitu.)

Nyumbani alikataa nimsaidie. Alimpiga pweza uani kwenye jiwe mpaka akalainika, akamuunga kwa tui la nazi. Jirani akapiga hodi kwa ile harufu, akauliza tumenunua wapi. Mimi nilikuwa ndani nikisuuza mkonjo. Nikamsikia mke wangu akianza kumweleza, taratibu, habari za magamba.