Anguko la kipimo: hesabu ya mnyongaji wa Uingereza

Anguko la kipimo ni namna ya kunyonga ambayo urefu wa kamba hupangwa kufuatana na uzito wa mfungwa, ili mlango wa sakafuni ukifunguka avunjike shingo papo hapo badala ya kufa kwa kukabwa pumzi.

Zamani Uingereza ilitumia kamba fupi. William Calcraft, mnyongaji wa London tangu 1829 hadi 1874, alikuwa akimdondosha mtu futi chache tu. Wengi walifurukuta kwa dakika kadhaa, na pengine Calcraft mwenyewe aliwavuta miguu wafe upesi. Hadi 1868 hayo yalifanyika hadharani, watu wamejazana kutazama.

Aliyeibadili kazi alikuwa fundi viatu, William Marwood wa Horncastle. Hesabu yenyewe hakuibuni yeye. Samuel Haughton, mtaalamu wa Ireland, alikwisha kuichapisha 1866. Lakini Marwood ndiye aliyewashawishi wakuu wa gereza la Lincoln wamwachie aijaribu, mwaka 1872, na ikafanya kazi.

Ugumu uko kwenye kipimo. Kamba ikipungua, mtu anakabwa. Ikizidi, kichwa kinang'oka. Hili la pili lilimkuta mnyongaji James Berry kwenye gereza la Norwich, Novemba 1885, alipomnyonga Robert Goodale, mtu mnene mwenye shingo dhaifu. Berry alikuwa amekwisha kuipunguza kamba kwa tahadhari, na bado kichwa kikatengana na mwili. Mwaka uliofuata serikali iliunda kamati chini ya Lord Aberdare, na baadaye yakatoka majedwali rasmi. Kwa jedwali la 1913 unagawanya 1,000 kwa uzito wa mtu kwa ratili, unapata futi za kudondoka. Mwenye ratili 150, yaani kilo 68 hivi, alipewa futi 6 na inchi 8. Mwembamba huanguka mbali zaidi kuliko mnene.

Albert Pierrepoint, aliyeifanya kazi hii kuanzia 1932 hadi 1956, aliirithi kwa baba yake na baba yake mkubwa. Alifika gerezani siku moja kabla, akamchungulia mfungwa kupitia tundu la mlango kupima umbo na shingo yake, kisha akaijaribu mitambo kwa gunia la mchanga lenye uzito uleule. Gunia liliachwa likining'inia usiku kucha ili kamba imalize kunyooka. Asubuhi, tangu kuingia chumbani hadi mlango kufunguka, zilipita sekunde chache mno.

Haikuwa ajira ya mshahara. Alilipwa kwa kila kichwa, na siku nyingine aliendesha baa karibu na Oldham. Mwaka 1950 alimnyonga James Corbitt, mteja wake waliyezoea kuimba pamoja. Wengi hudhani ndilo lililomfanya aache, kumbe alijiuzulu mwaka 1956 baada ya kugombania malipo: alikuwa amesafiri hadi Manchester, mfungwa akasamehewa kunyongwa, naye akapewa pesa ndogo ya gharama tu. Katika kumbukumbu zake za 1974 aliandika kuwa, kwa maoni yake, kunyonga hakukuzuia mauaji bali kulilipiza kisasi tu.

Uingereza ilinyonga mara ya mwisho Agosti 1964. Kitanzi chenyewe kilikwisha kusafirishwa hadi makoloni. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa gereza la Kamiti, Kenya, Februari 1957, chini ya utawala huohuo.