Meno ya kahawia na maji ya Meru: maswali kuhusu floraidi

Wanangu wanapiga mswaki asubuhi na usiku, mbona meno yao ya mbele yana madoa ya kahawia? Majirani wanasema siwatunzi.

Majirani wanakuonea. Kama unaishi Arumeru, Arusha mjini au sehemu nyingine za Bonde la Ufa kama Nakuru kule Kenya, cha kushuku kwanza ni maji. Tatizo lenyewe linaitwa florosisi ya meno.

Mwambie mtoto afungue mdomo mkiwa nje kwenye mwanga. Florosisi nyepesi huonekana kama mistari myeupe iliyochorwa kwa chaki. Iliyozidi huwa ya njano au kahawia, na ikikomaa jino huwa na vishimo na kingo zinazomegeka. Jambo hilo lilianza jino likiwa bado ndani ya fizi. Mtoto akinywa floraidi nyingi kuanzia kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, ujenzi wa enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino, huvurugika na tabaka hutoka likiwa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino likishachomoza, rangi za chai na vyakula hujipenyeza humo. Kwa hiyo ukahawia si rangi ya floraidi yenyewe. Kusugua kwa mkaa au mchanga, kama wengi wanavyofanya kwa aibu, hakutoi kitu zaidi ya kulikwangua jino.

Meno ya utotoni huwa hayaathiriki sana, kwa kuwa sehemu kubwa yake huumbika mtoto akiwa tumboni. Ndiyo maana mzazi hutulia, kisha anashtuka mtoto akifika miaka 6 au 7.

Floraidi ni kitu gani hasa? Ni sumu?

Hapa turudi kidogo darasani, kwa sababu karibu majibu yote yanayofuata yanatokana na elektroni moja.

Kila kitu kimejengwa kwa atomu. Katikati ya atomu kuna kiini chenye protoni, na kukizunguka kuna elektroni zilizopangwa katika mizingo. Florini ni namba 9 katika jedwali la elementi: protoni 9, elektroni 9. Elektroni 2 ziko mzingo wa ndani, 7 mzingo wa nje. Mzingo huo wa nje hutulia ukifika 8, kwa hiyo florini imepungukiwa na moja tu, na hakuna elementi inayoitamani kwa pupa kama yenyewe. Florini safi ni gesi hatari mno. Baadhi ya wanakemia waliojaribu kuitenga waliumia, wengine walikufa, hadi Henri Moissan alipofaulu mjini Paris mwaka 1886. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1906.

Kisimani huwezi kukuta gesi hiyo. Florini iliyoko huko ilishapata elektroni yake ya kumi zamani. Chukua sodiamu, namba 11, ambayo ina elektroni moja pekee mzingo wa nje. Sodiamu inaitoa, florini inaipokea. Mmoja anabaki na chaji chanya, mwingine chaji hasi, wanavutana na kushikamana. Huo ndio muungo wa ioni, yaani atomu zenye chaji, ule ule wa chumvi ya mezani. Florini iliyokwisha pata elektroni hiyo ndiyo tunayoiita floraidi. Miamba ya volkano ya Mlima Meru inayo, na maji yanapopita ardhini huichukua.

Ukiitafuta florini kwenye jedwali utaikuta juu kabisa ya kundi la saba, na chini yake klorini, bromini na aidini. Ni ukoo mmoja, wote wamepungukiwa elektroni moja. Wawili kati yao unao jikoni: klorini iko kwenye chumvi na kwenye dawa ya kutibu maji, na aidini ndiyo "madini joto" yanayokinga rovu.

Ama swali la sumu, ni suala la kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Baadhi ya visima na chemchemi kuzunguka Meru huvuka 10.

Kama ni hivyo, kwa nini dawa ya meno inawekwa floraidi? Si wanatuchanganya?

Swali zuri, nimeulizwa mara nyingi kuliko mengine. Enameli ni madini ya kalsiamu, fosfeti na haidroksidi. Haidroksidi ni oksijeni na hidrojeni zilizoshikana kwa kuchangia elektroni, zikiwa na chaji moja hasi. Floraidi nayo ina chaji moja hasi na ukubwa unaokaribiana. Ni kama nyumba ya kupanga: haidroksidi anahama chumba, floraidi anaingia, nyumba inabaki imesimama. Na madini yenye mpangaji huyo mpya huyeyuka kwa shida zaidi yanaposhambuliwa na asidi ya bakteria.

Tofauti ni kwamba dawa ya meno hufanya kazi juu ya jino lililokwisha chomoza, kisha unaitema. Ya maji unaimeza siku nzima, na inalifikia jino ambalo halijamaliza kujengwa. Mtoto wa chini ya miaka 3 mwekee dawa kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Umsimamie ateme.

Nikichemsha maji, floraidi inaondoka?

Hapana, inazidi kukolea. Kinachopaa ni maji. Ioni zinabaki sufuriani. Ukichemsha lita 4 zenye miligramu 3 kwa lita zikabaki lita 3, sasa una miligramu 4 kwa lita. Endelea kuchemsha kwa ajili ya vijidudu, lakini usitegemee zaidi ya hapo. Dawa ya klorini nayo haiiondoi.

Na magadi ya kulainishia maharage?

Punguza au acha kabisa, hasa chakula cha watoto. Magadi kutoka maziwa ya Bonde la Ufa yanaweza kubeba floraidi nyingi, na kwa kuyatazama huwezi kujua. Loweka maharage usiku kucha. Yataiva, ingawa mama mkwe anaweza kulalamika kuhusu makande.

Nimesikia kuna chujio la mifupa ya ng'ombe. Ni kweli au ushirikina?

Ni kweli kabisa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, kimeifanyia kazi njia hiyo, na Nakuru pia inatumika. Mfupa umejengwa kwa madini ya jamii moja na enameli. Ukichomwa vizuri bila hewa nyingi, ukasagwa na kujazwa kwenye ndoo au tangi, maji yanapopita floraidi inanaswa humo, na mpangaji wetu kuingia chumba cha haidroksidi ni sehemu ya kazi hiyo. Vyumba vikijaa, chujio halifanyi kazi tena na mkaa wake lazima ubadilishwe. Usijichomee mifupa nyumbani: ikiungua vibaya maji hunuka.

Watu wazima tuna wasiwasi gani?

Meno yako hayatabadilika tena. Mifupa ndiyo ya kuangalia: kunywa floraidi nyingi kwa miaka mingi huweza kuleta maumivu na kukakamaa kwa viungo na mgongo.

Maji ya mvua tunayovuna hayatoshi nyumba nzima. Tufanyeje?

Maji ya mvua kwa kawaida yana floraidi kidogo sana, kwa hiyo yatengee kunywa na kupikia tu, na uji wa mdogo uwe wa kwanza. Kuoga, kufua na kudeki tumieni ya kisimani. Floraidi ya kuogea haina madhara hayo. Peleka sampuli ya kisima ikapimwe maabara ya maji. Yule mkubwa ambaye meno yake yameshatoka na madoa, daktari wa meno anaweza kuyapunguza au kuyafunika.