Nguvu ya magurudumu manne haifupishi breki

Wengi huamini kwamba SUV kubwa mpya, kwa kuwa nguvu ya injini yake hufika kwenye magurudumu yote manne, husimama upesi kuliko gari dogo la saluni la zamani. Sivyo. Nguvu hiyo husaidia gari kujinasua topeni, bali katika kufunga breki haiongezi kitu, kwa sababu hata saluni ile kuukuu hufunga breki magurudumu yote manne. Kinachoamua hasa ni mshiko wa tairi, na ndiyo maana SUV ya tani 2.5 yenye tairi zilizobaki vipara inaweza kupitiliza, hasa lami ikiwa imelowa, pale ambapo saluni ya tani 1.3 yenye tairi nzuri imeshasimama. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza, ambao magari mengi ya zamani hayana, ndio faida ya kweli ya upya.